Jumamosi za Mwalimu Sifael

Baba, mwaka umetimia leo tangu tukulaze kihambani, kwenye migomba ya nyumbani Mwika, na Mama bado anapika machalari ya watu ishirini. Tunamuuliza, "Mama, ndizi zote hizi nani atakula?" Anatujibu, "Kwani leo si Jumamosi?"

Ulifundisha mekanika mwaka wa kwanza wa uhandisi. Siku zile za mwanzo, tuseme ukweli, ulikuwa mkali kama pilipili. Nusu ya darasa ikifeli, ulirudi nyumbani ukitamba kwamba umechuja. Kisha ukamwambia Ildefonce, kijana wa Kilema, mbele ya wenzake: "Wewe nenda kachume kahawa." Kijana akafunga begi, akaenda kuchuma kahawa kweli.

Mama hakukuacha. Alikukatia jani la isale kwa mkono wake, akasema, "Kaombe radhi." Watu wakashangaa, tangu lini mwalimu akampelekea mwanafunzi isale? Ukapanda Kilema na tope lile, tai shingoni. Isale halikataliwi, ukasamehewa. Lakini Ildefonce alikwambia, "Shikamoo, Mwalimu. Yamekwisha. Ila darasani sirudi." Na hakurudi.

Ulishuka ukiwa mtu mwingine. Kila Ijumaa ukawapa vijana jaribio la maswali matatu, ujue nani ameachwa nyuma kabla mtihani haujamuumbua. Kila Jumamosi hao walioachwa walipanda huku nyumbani, wakakaa wanne wanne, wakafundishana. Ulizunguka katikati yao ukiuliza, "Nani hajaelewa? Asione haya." Nguvu na mizani uliwaonyesha kwa nguzo zinazoegemeza migomba yetu. Mwaka ule walifaulu arobaini na watatu kati ya arobaini na wanane. Hukushangilia hata kidogo. Ulisema, "Na hao watano je?"

Mama alifurahi nawe, lakini alikukosa ungali hai. Alipika, akaosha sahani, akangoja. Siku moja alikuomba Jumamosi moja tu, mwende wawili Sanya Juu kumwona dada yake. Ukamjibu, "Nikistaafu, mke wangu, zote zako."

Ilikuwa imebaki miezi minne. Ukaanguka mezani siku ya Ijumaa, ukisahihisha majaribio.

Lo, Baba! Sasa zote ni zake, na hana wa kwenda naye. Wiki iliyopita tulimkuta kibarazani asubuhi, amevaa kitenge chake kizuri, mkoba magotini.

"Unakwenda wapi, Mama?"

"Siendi popote," akasema. "Nimevaa tu, nisije nikaambiwa sikuwa tayari."

Unakumbukwa na mkeo Rachel, wanao Gladness, Jacob na Martha, mdogo wako Ebenezeri, wajukuu zako, na vijana wote wa mwaka wa kwanza uliowakaribisha nyumbani. Ibada ya shukrani itafanyika kihambani, Jumamosi hii, saa nne asubuhi.

Maadamu tunapumua, Baba, hutatutoka moyoni.