Samli Yako na Matone ya Bromini

Mke wangu mpendwa,

Nawaamkia wakwe zangu wote huko Kongwa, shikamooni. Najua barua hii atakusomea mwalimu wa kanisa, na baba mkwe atakuwa amekaa karibu akisikiliza. Ndivyo ninavyotaka. Nilikukosea mbele za watu, basi nikiri mbele za watu.

Unakumbuka siku uliyoleta samli kuuza hospitalini hapa bomani Mpwapwa, ndani ya kibuyu kipya alichokupa mama yangu tulipooana. Daktari Mdachi alikuwa amechoshwa na samli iliyochanganywa na mafuta ya ufuta, akaniagiza mimi, msaidizi wake wa chumba cha dawa, nipime ya kila mtu. Ulisimama mlangoni umeziba pua kwa kanga, maana bromini, ile dawa nyekundu ya kupimia, inanuka hadi kuku wanakimbia, ukanitania kwamba umeolewa na harufu.

Nikayeyusha samli yako katika dawa ile ya kuwalaza wagonjwa usingizi, nikadondoshea bromini. Tone la kwanza, wekundu ukapotea. La pili, ukapotea. Samli safi hushiba mapema, rangi ikabaki. Yako iliendelea kuimeza tu. Daktari alishanieleza kwamba ndani ya mafuta kuna chembe zilizoshikana kwa mikono miwili. Bromini ikija, kila moja huachia mkono mmoja ikaidaka, huku zikibaki zimeshikana kwa ule mwingine. Bromini iliyodakwa haina rangi tena. Ufuta una mikono mingi ya namna hiyo, samli inayo michache.

Wanawake waliokuwa wakisubiri zamu walinikodolea macho. Nikasema, "Imechanganywa." Uliinamisha kichwa, ukachukua kibuyu chako ukaenda zako. Nyumbani nilikuuliza, ukanijibu kwamba mkono wako haukuchanganya kitu, kisha ukanipakulia ugali. Sikukuamini. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Mwezi uliofuata mama akaja kututembelea. Akakishika kibuyu, akakitikisa, akauliza, "Mafuta yangu ya ufuta mliyapeleka wapi?"

Kumbe alikuwa amekilainisha kwa mafuta, kama desturi yetu kwa kibuyu kipya, na yaliyobaki akayaacha humo humo. Wewe, mkaza mwana, ungemwagaje kitu alichokitia mama mkwe? Ukamimina samli juu yake. Halafu ukanyamaza siku zote zile ili jina la mama yangu lisitajwe bomani.

Kesho yake nilipima samli ya chungu chako, ambayo haikupita kibuyuni. Matone machache tu, wekundu ukabaki. Tangu hapo daktari hataki samli nyingine ila yako, nasi tumeishi kwa raha na utani wako haujapungua. Lakini neno lenyewe sikuwahi kulitamka. Jana niliwaambia wanawake pale mlangoni. Leo nawaambia ninyi, na mwalimu asome polepole hapa: mke wangu hakuchanganya samli. Mimi ndiye niliyekosea.

Nina furaha, mke wangu, na nyumba inakungoja. Ukishajifungua salama, nitakuja mwenyewe kuwachukua. Kila mmoja wetu ataachia mkono mmoja, tumshike mtoto. Ule mwingine sitauachia tena.

Ni mimi mumeo, mwenye harufu yake