Mlango Uliofungwa Mchana

Getsemaní, Cartagena
3 Februari 1996

Mpwa wangu Yurleidis,

Pokea salamu za mjomba wako, pamoja na za bibi yako Tomasa, anayeuliza kama baridi ya Medellín imeshakukausha. Huku wazima. Yeye anakula, mimi nanenepa.

Kazi ya kutembeza wageni imenikubali. Mji huu hakuna anayeujua kama mimi. Hata mawe ya ukuta yananiamkia. Juzi pale ngomeni niliwaambia babu yetu alimfukuza haramia kwa mwiko wa supu, Mjerumani mmoja akatokwa machozi. Ziara naimalizia mlangoni kwetu. Nawaambia mfalme wa Uhispania alilala humu akiumwa homa. Mama, kwenye kiti chake cha bembea, anaguna. Wageni wanadhani anaafiki.

Sasa, kuna mtu. Kofia nyeupe, viatu havina hata vumbi. Kila ziara yumo, na hacheki. Asiyecheka hadithi zangu huyo ana lake. Jana aligonga ukuta wetu kwa kidole kama anayechagua tikitimaji. "Mzee, nyumba hii ya nani?" Nikamjibu, "Ya mfalme." Ni wa wale wanaonunua nyumba za mtaa kufanya hoteli. Wameshawang'oa majirani zetu akina Pájaro, sasa wanaishi huko matopeni. Nyumba ya mama yangu hawaipati! Nimeufunga mlango tangu asubuhi, Mama yumo ndani. Nani ataniweza kwa akili?

Mjomba wako,
Eliécer

Medellín
17 Februari

Shikamoo Mjomba,

Nakujulia hali kwa heshima, ingawa moyo wangu hautulii. Umefunga mlango mchana? Wewe si mzaliwa wa mtaa huo? Kwetu mlango haufungwi jua likiwaka, ila maiti akiwa anavishwa ndani.

Jumanne aliingia mtu kiwandani tunakoshona, kofia nyeupe mkononi. "Pole kwa msiba wa bibi yako, binti. Warithi ni wewe na mjomba wako, sivyo? Yeye hatatusumbua."

Kwa nini usiwasumbue, Mjomba? Mmekubaliana nini? Bibi yu hai? Nijibu hilo tu. Hadithi baki nazo.

Mpwa wako,
Yurleidis

Getsemaní
25 Februari

Yurleidis,

Salamu baadaye, kwanza nimekasirika. Mimi niuze? Mimi ninayelala na panga chini ya mto?

Ni kweli, majirani wameona mlango umefungwa, wakaleta kahawa na viti, wamejaza barabara wanacheza domino za matanga. Bi Carmenza wa nyumba ya pili alilia mpaka akazimia. Nikataka kusema, halafu nikawaza: ngoja! Mwenye nyumba akiwa maiti, nani atamtilia sahihi Kofia Nyeupe? Ndiyo nikanyamaza. Umeona akili hiyo?

Bibi yako yu hai. Anakula mkate wa matanga yake mwenyewe na kulalamika kwamba ni mkavu.

Mjomba wako,
Eliécer

Medellín
4 Machi

Mjomba,

Hata mfalme ulisema alilala kwetu. Nikuamini kwa lipi?

Mwenye nyumba akifa, Mjomba, anayetia sahihi ni mrithi. Ni wewe na mimi. Yule mtu analijua hilo, nami naogopa kwamba nawe unalijua.

Fungua mlango. Bi Carmenza amwone Bibi kwa macho yake, kisha yeye ndiye aniandikie. Mpaka hapo, usiniite mpwa.

Yurleidis

Getsemaní
20 Machi

Yurleidis (sijakuita mpwa),

Hujambo? Bi Carmenza atakuandikia, akimaliza kujipiga ishara ya msalaba.

Barua zako zote Mama alinilazimisha nizisome kwa sauti. Nilipofika pale pa mrithi, mlango ukagongwa: Kofia Nyeupe, na wakili wake, na shada la maua. Nikashika panga. Mama akanisukuma kwa kiwiko, akafungua mwenyewe.

Bi Carmenza akapiga yowe. Wacheza domino wakapindua meza, mmoja mpaka leo hajarudi kuchukua kiatu. Yule bwana akabaki kakumbatia shada.

"Hayo ni yangu?" Mama akauliza. "Lete ninuse, pua bado ninayo."

"Bi mkubwa... tulisikia... basi, kama mzima, labda tuzungumze bei."

"Ulimpa mjukuu wangu pole kabla hujaja kusikiliza kama nakohoa. Maua yaache. Wewe nenda."

Akaenda. Lakini simwamini, jana nilimwona pembeni ya kanisa akijifanya anakula peremende za nazi.

Mama kamwita seremala, mlango wameung'oa na bawaba zake. Nikamwambia, "Mama, na wezi je? Na huyu akirudi usiku na karatasi zake?"

Hakunitazama hata kidogo, anapanga maua yake. "Mkeka ule pale, utandike kizingitini. Mlango ni wewe."

Naandika hapa chini, wageni wananiruka.

Mwana wa Tomasa,
Eliécer