Mchezo Usio na Komeo

Bwenini, 4 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na kile kikohozi ulichoondoka nacho kimekuacha. Mimi sijambo, ila kalamu yangu inavuja, kwa hiyo usishangae madoa.

Flashi imefika. Matroni aliigeuzageuza kama yai la nyoka, kisha akaniruhusu niipeleke chumba cha kompyuta. Naona aibu kukuambia: mchezo wa kompyuta ulioutengeneza haufunguki. Kinatokea kidirisha kinachonitaka niingie mtandaoni kuthibitisha kwamba nakala yangu ni halali. Shuleni hatuna mtandao. Hata mwalimu wa kompyuta huupata kwenye simu yake akisimama juu ya kiti karibu na dirisha, na kiti chenyewe kinayumba.

Lakini wenzangu wote wameshaucheza! Kuna dada wa kidato cha nne tunamwita Bisibisi, maana hakuna kitu asichokifungua. Alirudi kutoka likizo na nakala aliyoivunja kufuli, sasa imo katika kila kompyuta. Jioni nawasikia wakimzungusha yule fundi saa wa mchezo wako nyumba kwa nyumba, wakimwiga bibi kizee anayemfokea mlangoni: "Unapiga hodi au unabomoa?" Wanacheka hadi wanashika mbavu. Hawajui kwamba ni sauti ya Bibi, uliyoirekodi jikoni kwake.

Bisibisi aliniita, "Njoo ucheze, mtakatifu wewe!" Nikakataa. Nina nakala niliyopewa na mwenyewe. Kwa hiyo, shule nzima, asiyeujua mchezo wa mjomba wangu ni mimi.

Mpwa wako

*

Karakana, 21 Februari

Mpwa wangu, Msomi wa ukoo,

Marahaba. Kikohozi kimehama, sasa anacho mshirika wangu, yule ninayemwita Komeo kwa jinsi anavyopenda kufuli. Nilimsomea barua yako. Mara ya kwanza tulicheka. Niliporudia, hakuna aliyecheka. Mwenye nakala halali yuko nje anagonga, na aliyevunja yuko sebuleni amekunja miguu!

Komeo anasema dawa ni kufuli kali zaidi. "Tukiacha wazi watagawana kama karanga. Sisi tutakula maganda?" Hasemi upuuzi. Karakana ina watu watatu, na mchoraji wetu amepata mtoto juzi. Mauzo ya mchezo huu yasipopanda, katikati ya mwaka tunafunga.

Nikamkumbusha mlango wa mama, ambao tangu nizaliwe sijauona na komeo, na hajaibiwa hata mwiko. Akanijibu, "Mlango wa mama yako haulipi mtu mshahara."

Nisaidie. Waulize wenzako: mchezo ungeuzwa bila kufuli, wangenunua? Usinipambie majibu.

Mjomba wako

*

Bwenini, 9 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mpe pole Komeo kwa kikohozi.

Unajua mimi na watu. Nilijizoeza swali mbele ya kioo cha bafuni, na bado sauti ilitoka kama ya panya. Sikufichi: wengi walisema hapana. "Ninunue nilicho nacho, nina wazimu?" Mmoja alisema hana hata ya sabuni, kwa hiyo kwake wewe hujapoteza kitu. Hilo sikuweza kulipinga.

Aliyeniuma ni mwingine. Baba yake alimnunulia mchezo. Mtandao ukakatika nyumbani kwao likizo nzima, mchezo ukakataa kufunguka, akaishia kuomba nakala ya Bisibisi. Baba yake ameapa hatanunua tena kitu chenu.

Bisibisi mwenyewe alisema, "Kufuli ndiyo iliyoniita." Labda kweli, labda anajipamba.

Mimi naona hivi: wasiotaka kulipa, kufuli haiwalipishi, ila waliolipa inaweza kuwafukuza. Lakini mimi ni mtoto wa shule, sina mtu anayesubiri mshahara kwangu. Tafadhali usiamue kwa maneno yangu peke yake.

Mpwa wako

*

Bwenini, 2 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Sijapata jibu. Kila barua zinapogawiwa nasimama karibu na meza ya Matroni, mpaka ameanza kuniita posta. Kama umefunga karakana kwa sababu yangu, niambie tu. Kunyamaza kwako kunaniogopesha kuliko habari mbaya.

Mpwa wako

*

Karakana, 5 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba, na unisamehe. Sikuwa na hasira. Nilikuwa nasubiri niwe na neno la kukwambia.

Tuliondoa kufuli. Nakala zikasambaa kama mchwa. Komeo alilitabiri hilo, na sikumbishia. Mwezi wa kwanza baada ya hapo mauzo yalianguka, tukawa tunakunywa chai bila kutazamana. Kisha yakaanza kurudi polepole. Watu wanaandika kwamba waligawiwa na rafiki, wakapenda, wakanunua. Si wengi. Walio kimya ni wengi zaidi.

Mauzo hayo hayakutosha watu watatu. Komeo ameajiriwa kwingine. Hatukugombana, alinikumbatia, akaniachia kiti chake. Mchoraji amebaki, na mimi asubuhi natengeneza kompyuta za watu ili mshahara wake utimie. Karakana haijafungwa. Ukiniuliza kama kuuza bila kufuli kunatusaidia au kunatuumiza, bado sijui. Ninachojua ni kwamba hakuna tena mtu aliyelipa akaachwa nje.

Pale palipokuwa na kile kidirisha nilimwomba mama aseme neno. Nilimwandikia maneno mazuri sana. Akayatazama, akauliza, "Haya nani anaongea hivi?" Akasema ya kwake. Sikwambii; flashi hiyo hapo.

Mjomba wako

*

Bwenini, 28 Juni

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, wewe na kiti cha Komeo.

Umefunguka! Chumba kizima kilikuwa nyuma yangu. Kioo kikawa cheusi, kisha Bibi akasema, "Ingia, mlango uko wazi. Ila ukishashiba, usijifanye hujui nani kapika." Wakaangua kicheko, na mimi, Mjomba, nikasimama nikasema kwa sauti, "Huyo ni bibi yangu." Sijui nguvu ile ilitoka wapi.

Bisibisi hakucheka. Aliazima flashi, akakaa nayo pembeni, akiingia kwenye kila faili kutafuta cha kuvunja. Mwishowe akaniuliza, "Yaani aliacha hivihivi tu?" Nikamjibu ndiyo. Akauliza mchezo unauzwa wapi.

Sijui kama atanunua. Sikumuuliza. Lakini aliandika anwani yako kwa kalamu ya wino, na Bisibisi, kila kitu chake huandika kwa penseli.

Nisalimie Bibi. Mwambie nimepiga hodi taratibu.

Mpwa wako