Kwa Fundi Makochi Wetu, na Paka Wake Meneja

Ni mwaka mmoja sasa tangu uvue miwani, ukaiweka juu ya cherehani na kusema unajinyoosha kidogo kabla ya chai. Chai ilipoa, baba watoto. Tulipokuja kukuamsha ulikuwa umeshatuacha.

Mikono yako ilikalisha watu wengi vizuri. Mteja akileta kochi lililobonyea hukumcheka. Ulilipapasa kama unampapasa mgonjwa, ukamwambia, "Halijafa hili, limechoka tu."

Na paka wako je, yule uliyemwita Meneja kwa sababu kazini alikuja kutazama wenzake wakifanya kazi? Watu walishangaa fundi makochi kufuga mwenye kucha. Wewe ukampigilia kipande cha zulia kwenye ubao, akwaruze apendavyo, na tangu hapo hakugusa kochi la mtu. Ukimaliza kazi ulimburuzia uzi sakafuni, mzee mzima umepiga magoti, mpaka wajukuu wakaona wivu. Maji yake uliyabadilisha mwenyewe. Siku ya chanjo ulifunga karakana, ukambeba kifuani kama mtoto mchanga.

Jambo moja tu lilitushinda. Daktari wa mifugo alisema Meneja amenenepa kupita kiasi, moyo wake utachoka, apunguziwe chakula. Nikapunguza. Nikapunguza tena. Meneja akazidi kunawiri. Ukanitazama kwa huruma, ukasema labda ndivyo ukoo wao ulivyo.

Siku hizohizo mashati yako yalikuwa yananuka samaki mfukoni. Nilipokuuliza, ulinijibu bila kupepesa macho, "Gundi za siku hizi, mama watoto, ndivyo zilivyo." Mimi na gundi wapi na wapi. Nikafua, nikaanika.

Ulipoondoka, Meneja akaanza kupungua. Bakuli lake alilimaliza, lakini kitambi kikaisha, shingo ikaonekana. Kila jioni alikaa mlangoni pa karakana, tukimwita hageuki. Hofu ikatuingia. Nilijisemea moyoni, huyu naye anamfuata mwenyewe, na nyumba itanyamaza kabisa. Binti yetu mkubwa akipiga simu asubuhi haulizi mimi nimeamkaje, anauliza Meneja ameamkaje. Mwishowe akaja, tukampeleka Meneja kwa daktari.

Daktari akampima, akamsikiliza moyo, akatabasamu. Akatuambia haumwi hata kidogo, huu ndio mwili aliokuwa anamtafutia siku zote. Kisha akauliza, "Kwani zamani nani mwingine alikuwa anamlisha?"

Tukatazamana. Kitinda mimba wetu akasema hakuna, ni mama peke yake. Ndipo nikaikumbuka gundi.

Baba watoto, nilicheka pale mbele za watu mpaka nikalia, binti yako akanishika mkono akidhani nazidiwa. Kumbe kila jioni uliposema unakwenda kuhakikisha mlango wa karakana umefungwa, ulikuwa na mgeni wako huko! Na mimi huku napunguza chakula, nalaumu ukoo wa paka.

Daktari alisema mwili ni mzima, kilichopungua ni raha. Achezewe, na awe na mtu wa kukaa naye. Basi kiti chako nimekiondolea shuka niliyokuwa nimekifunikia; siku ileile alikipanda, akajizungusha, akalala. Jioni namburuzia uzi. Magoti yangu hayapatani na sakafu, kwa hiyo naburuza nikiwa nimeketi. Mwanzoni alinitazama kama mteja aliyeletewa fundi ambaye hakumwagiza. Sasa anaruka, anauvizia, na zile mbio zake za ubavu ubavu zimerudi.

Samaki wa jioni simpi, usininunie. Nataka akae nasi sana. Ila shati lako la mwisho la kazi sijalifua. Nimelikunja kwenye kiti chako, naye anaweka kichwa palepale penye mfuko. Nikisogeza pua karibu, bado linanuka gundi.

Unakumbukwa na mimi mkeo; binti yako mwalimu na mumewe; kitinda mimba wako, ambaye sasa anashika nyundo yako na kuwaambia wateja "limechoka tu"; dada yako mkubwa; wajukuu zako wote; na Meneja, anayetusubiri mlangoni wakati tunamwandikia bosi wake.

Daima tutakukumbuka, fundi wetu, na jioni zaidi.