Udongo Mtamu wa Mkata

Hamza mjukuu wangu, mume wangu,

Hapa Mkata tumeamka salama na mahindi yamebeba. Mama yako amekuja toka Korogwe kunitazama, na ndiye aliyenisomea barua yako.

Unasema umepima udongo wa penye karakana ya zamani, ukakuta madini ya risasi yameng'ang'ania juu juu, mvua za miaka yote hazijayaondoa, lakini mtu akiumeza, tindikali ya tumbo huyaachilia. Ndipo ukauliza kama niliula nikiwa na mimba ya mama yako.

Tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa juzijuzi. Fundi mmoja alikuwa akipasua betri za magari pale kwenye karakana, anayeyusha risasi yake kutengenezea golori za bunduki ya gobore. Hamu ya udongo ikanishika, na kichuguu kilikuwa mbali. Nikachota pale pale, nikautia mdomoni.

"Mama, huu mtamu kuliko wa kichuguu!" nikamwambia mama mkwe wangu.

Akaacha kutwanga. "Udongo una uchachu, una chumvi. Huo utamu umetoka wapi? Tema!"

Nikabisha. Akanishika kidevu, akanisukutua mwenyewe, kisha akaenda kunichotea wa kichuguu. Nilimnunia hadi jioni.

Mama yako alipofika kwenye swali lako alinitazama. "Nilitema," nikamwambia. Tulicheka mpaka machozi.

Waambie wenye watoto wasiwaache wachezee pale. Nawe ukija likizo, twende kaburini kwa mama mkwe wangu. Nataka nimwambie ulichokipima, kwamba utamu ule ulikuwa wa risasi.

Bibi yako,
Mwanahawa