Namba Nne Ndani ya Ukungu

Inverarn,
2 Aprili, 1974

Mdogo wangu Dod,

Pokea salamu zangu, za mke wangu Ishbel, na za mama, ambaye amekaa hapa ubavuni pangu akifuma soksi na kuniuliza kila mstari nimeandika nini. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Marlene na watoto, na kwamba ule mgongo ulioumizwa na gogo mwaka jana umeshapona. Sisi huku hatujambo. Mama ana miaka sabini na tisa na bado anapanda kilima kufuata mkate wa mbali, kwa kuwa ule wa duka la jirani anasema ni wa kufutia meza. Kwangu mimi ni magoti tu yaliyochoka. Yanalia nikipanda ngazi, na Ishbel anasema akiwa jikoni anajua niko ngazi ya ngapi.

Ukungu wa bahari umerudi. Leo ni siku ya nne. Nimetoka kukausha samaki kwenye nyumba ya moshi saa sita, nguo zinanuka samaki na kuni za mwaloni, nikashuka mtaani bila kuona miguu yangu mwenyewe. Watu wanapita kama sauti tu. Unasikia kikohozi, unasema habari za mchana bwana Mearns, na kikohozi kinaitika. Siku kama hizi nikifika nyumbani hukaa karibu na jiko, nikafumba macho kidogo, na kila mara narudi uwanjani. Nimeichezea Rovers mechi mia sita na ushee, Dod, lakini nikisinzia naiona moja tu. Nyasi nyeupe, hakuna magoli, hakuna watazamaji, na mpira unatoka mahali nisipopaona, unapita juu yangu polepole, kama vile hautatua kamwe.

Habari kubwa ni kwamba nastaafu. Miaka ishirini na mmoja inatosha. Nilimwambia meneja mwezi wa pili, nikadhani atanisihi nibaki, naye akashusha pumzi akasema alikuwa anatafuta namna ya kuniambia bila kuniumiza. Habari ilifika sokoni kabla yangu. Eck Tosh, yule muuza pai za nyama pale mlango wa uwanja, bado yupo, hana jino hata moja, na mdomo ni uleule. Alinipokea kwa kelele kwamba sasa Rovers itaanza kukimbia, maana kwa miaka mitano kiungo wao wa kulia alikuwa kinyago cha bustani. Kisha akageuka upande akajifuta macho na kitambaa cha kushikia pai, akanipa moja bure. Tangu nimjue hajawahi kumpa mtu pai bure, hata marehemu baba.

Basi klabu imeniandalia mechi ya kuniaga, Jumamosi ya pili ya Mei. Nimeambiwa kumi na mmoja wa upande wangu niwachague mwenyewe, yeyote nimtakaye, wa zamani au wa sasa. Meya atazungumza. Atasimulia tena ile hadithi ya mwaka hamsini na sita, jinsi klabu kubwa ya kusini, kwa Waingereza, ilivyonitaka na mimi nikakataa kwa kuupenda mji huu. Unaijua hadithi hiyo vizuri, maana wewe ndiwe uliyenibeba mabegani siku ile, ukanizungusha barabara nzima ya bandarini ukipiga kelele kuwa kaka yako hanunuliki. Watoto hapa wanafundishwa hadithi hiyo. Mwalimu mmoja aliniita niisimulie darasani, nikasimama mbele ya wale watoto, nikasingizia mafua.

Jumapili iliyopita wazee wa kamati walikuja kumwomba mama afue jezi za mechi hiyo, seti moja tu, kwa heshima, kama alivyokuwa akifanya zamani. Walimletea na boksi la biskuti. Mama alikubali, akawakaribisha chai, akawatoa mpaka mlangoni. Aliporudi hakukaa. Alisimama chini ya ule ufito wa kuanikia nguo unaoning'inia juu ya jiko, akaishika kamba yake, akaniambia maneno ambayo yamenikosesha raha tangu siku hiyo. Nitakuandikia, lakini kwanza nikurudishe nyuma.

Unakumbuka ukungu wa Aprili ile ya mwaka hamsini na sita. Siku tatu hakuna kilichokauka. Mama alikuwa amezijaza jezi zote kwenye ufito, na yako, namba sita, ilikuwa mwisho kabisa, mbali na jiko. Ulikuwa na kikohozi kibaya, kifua chako chote amekupaka ile dawa yake ya kafuri. Tulipovaa pale uwanjani niliigusa jezi yako, nikaona ina maji. Nikakuvua kwa nguvu, nikakuvika yangu, namba nne, iliyokuwa kavu, na mimi nikavaa yako. Uliniita yaya. Nilikujibu kwamba ukifa kwa kifua mama ataniua mimi. Hatukumwambia meneja wa wakati ule, Petrie, wala mtu yeyote, na kijitabu cha mechi kilikuwa kimeshachapwa: namba nne, W. Geddes, yaani mimi, namba sita, G. Geddes, yaani wewe kwa jina lako la kanisani. Ndani ya ukungu ule nani angejua? Kwa sura tulikuwa tukichanganywa hata kanisani.

Kipindi cha pili ukautoa ule mpira. Nilikuwa hatua kumi kutoka kwako. Uliuinua kwa mguu wa kushoto, mrefu, ukaingia kwenye weupe ukapotea, nasi sote tukasimama. Kisha tukasikia mwenzetu wa mbele akiupiga, tukasikia wavu, na Eck akipiga kelele huko mbali kama mtu aliyeona malaika. Sijawahi kuona pasi kama ile tena, wala sijawahi kuipiga. Mguu wangu wa kushoto, kama ulivyozoea kusema, ni wa kupandia basi.

Sasa nakiri, Dod. Siku ile kulikuwa na mgeni jukwaani, karibu kabisa na upande tuliokuwa, mtu wa ile klabu ya kusini aliyekuja kutafuta wachezaji. Barua yake ilipofika, meneja Petrie aliniita ofisini akanisomea mimi peke yangu. Ilisema wanamtaka kijana wa namba nne, yule aliyetoa mpira wa mguu wa kushoto uliozaa bao. Petrie alicheka akasema siku ile lazima niliazimwa mguu. Nikacheka naye. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu, na nikacheka.

Sikukubali kwenda, maana ningefika kule wangenijua kwa mazoezi ya siku ya kwanza. Nikasema siwezi kumwacha mama, siwezi kuuacha mji. Lilinitoka tu, kwa woga, nalo likakimbia mtaani kabla sijafika nyumbani, na jioni yake ulishanibeba mabegani. Kesho yake, tukiwa tunamenya viazi, uliniuliza mara moja tu kama walinitaka kwa sababu ya mpira ule. Nilikuambia barua haikusema. Huo ndio uongo wangu. Ulitikisa kichwa ukaendelea kumenya. Mwezi wa tisa ukaniambia kwamba kama mtu wa kusini amekutazama dakika tisini asikuone, basi hapa pana mchezaji mmoja tu nyumbani, na huyo ni mimi, si wewe. Ukapanda meli kwenda Kanada kukata miti, na hukuugusa mpira tena.

Sitajificha nyuma ya mama wala ya mji. Nilikuonea wivu. Mimi ndiye niliyekufundisha kupiga mpira, pale nyuma ya nyumba ya moshi, na siku ile nikaona umenipita na hutarudi nyuma kunisubiri. Tena nilitaka ubaki ucheze kando yangu. Nikakupoteza vilevile. Mji ukaniita mwaminifu, nami nikabaki miaka yote hii, maana mtu aliyesifiwa kwa kubaki ataondokaje? Nimeupenda mji huu kweli, na jezi hii naipenda. Hilo si uongo. Ila mwanzo wake ulikuwa wako.

Sasa maneno ya mama. Aliishika ile kamba, akasema: "Wattie, siku ile namba nne ilirudi inanuka kafuri. Niliifua mara mbili." Nikamuuliza kwa nini alinyamaza miaka kumi na minane. Akasema kwanza alinyamaza kwa uchoyo, akidhani akinyamaza atabaki nasi wote wawili. Baada ya wewe kuondoka, alikuwa anangoja niseme mwenyewe, na sasa anaona umri haumruhusu kungoja zaidi. Kisha akala biskuti mbili za kamati bila kunikaribisha hata moja. Hajanisemesha vizuri mpaka leo nilipochukua kalamu.

Sijui utafanya nini na barua hii. Ukiitupa motoni, nitaelewa. Ukiniandikia matusi, nitayasoma yote, na najua unayajua mengi. Lakini jana nilikwenda kwa meya nikamweleza yote. Aliniuliza kama nina hakika nataka watu wajue. Nikamwambia siku hiyo nitazungumza mwenyewe kabla ya mpira kuanza. Eck nimeshamwambia. Amenitukana mpaka pai zikapoa, kisha akauliza utakuja lini.

Nimekwisha kupeleka majina kwa mchapaji, na safari hii nimesimama pale mpaka herufi zikapangwa. Namba sita, W. Geddes. Namba nne, G. Geddes. Najua una miaka thelathini na saba na mgongo mbovu, na sikuombi ukimbie. Simama tu, upige mmoja wa kushoto, wenye macho waone. Usipokuja sitamweka mtu mwingine, tutacheza kumi.

Msalimie sana Marlene, na watoto waambie bibi yao ana soksi zao, ila anakisia miguu. Ishbel anawabusu nyote. Mama naye ananiagiza nikuandikie hili na nisiongeze neno: jezi yako ameianika katikati, juu ya jiko kabisa, nayo imeshakauka.

Mimi kaka yako,
Wattie