Lenzi Mbili na Mstari wa Mwisho

Jumatano, 6 Agosti 2025

Melkiades wa kamati ya mashindano kaniletea kamera mbili na lenzi mbili kutoka Bujumbura. Nichague kamera moja na lenzi moja za kupigia mbio za pikipiki. Mimi! Miaka kumi na moja napiga maharusi na picha za vitambulisho, watu wamesimama kama nguzo. Kamera ndogo mpya inafikiri mno kabla ya kupiga. Ile kubwa kuukuu haifikiri — tratatata! Nimechukua kubwa. Lenzi bado.

Mdogo wangu Nuhu anashindana. Zawadi ni pikipiki mpya. Miaka minane anaendesha ya bosi. Halali usiku tangu asikie.

Jumamosi, 9 Agosti

Majaribio, barabara ya Kigwena. Lenzi ndefu ni nzito kama dumu la mawese, lakini unajificha mbali kwenye michikichi. Fupi ni nyepesi, ila lazima usogee karibu. Nikamwambia Nuhu apite kwa kasi. Akaja, akaniona, akasimama, akafunga vifungo vya shati! Nikamgombeza. Eti, "Dada, unipige picha niko nakimbia? Watu watasema nimeiba."

Mara nne hivyo. Ya tano hakusimama — alikuwa amefumba macho.

Ijumaa, 15 Agosti

Bega linauma. Nimechagua fupi. Nuhu ameapa hatasimama.

Jumapili, 17 Agosti

Mola wangu, huu mkono!

Nilikuwa pale pale kwenye mstari wa mwisho. Nuhu wa kwanza, Exaucé nyuma yake, vumbi tupu. Bila kufikiri nikainua mkono wa kushoto, ule ninaowainulia maharusi: tulieni hapo hapo. Na wote wawili ni mimi niliyewapiga picha za harusi zao, mkono huo wanaujua. Wakafunga breki! Hatua tano kabla ya mstari. Exaucé akamwekea Nuhu mkono begani, wakatabasamu. Isaka, mchukuzi wa mawese aliyekuwa wa tatu, ambaye picha yake pekee ni ya kitambulisho, akawapita, akavuka.

Picha ni nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Hata vumbi la kwenye kope unaliona. Isaka ni ukungu tu pembeni.

Nuhu hajanisemesha. Nina aibu.

Jumatatu, 18 Agosti

Kamati imekaa. Melkiades kasema mshindi asiye na picha si mshindi. Kesho saa kumi watarudia kilomita ya mwisho, wote watatu. Atakayevuka kwanza ndiye mwenye pikipiki. Isaka ataanza mita mia mbili mbele, kwa heshima ya kushinda jana. Nuhu hamkamati ng'o!

Hata hivyo amekuja kula. Maneno yake ya kwanza: "Dada, kesho chukua ile ndefu. Jifiche mbali kabisa. Na huo mukono uufunge kamba." Nimekubali.

Hodi. Isaka! Koti, nywele kachana, viatu vinang'aa. Anasema ameiona picha ya wenzake, imemchoma roho, yeye hana hata moja ya kutundika ukutani. Ananiuliza, "Mama Shadia, kesho nisimame wapi? Mbele ya kufika mustari, ao nikishavuka?"

Nimesema ngoja kwanza, niandike jambo. Yuko mlangoni, anajipangusa koti. Neno moja tu, "kabla", na pikipiki ni ya Nuhu.

Jikoni Nuhu ameacha kutafuna.